Kutoka Sabule ya Lamu hadi Chumba cha Lindi

Upana wa chumba katika nyumba ya mawe ya Lamu uliamuliwa na mti. Boriti ya mkoko, hata ikiwa nene na imekauka vizuri, haistahimili uzito wa sakafu ya matumbawe na chokaa pale inapovushwa nafasi ya zaidi ya mita 3. Fundi hakuwa na la kufanya ila kutii. Akajenga vyumba vyembamba, akavirefusha kadiri mwenye nyumba alivyotaka, akavipanga kimoja nyuma ya kingine kuelekea ndani. Nyumba nyingi za aina hiyo zilizosimama mpaka leo zilijengwa karne ya 18, na ukizikagua ramani zake unaona kwamba mwenye nyumba alifikiria mapema sana mahali atakapomweka mgeni.

Mbele kabisa, upande wa njia, kuna daka lenye viti vya mawe kushoto na kulia. Mpita njia huketi hapo bila kuombwa. Shida huelezwa hapo, habari za bandarini hupimwa hapo, kahawa chungu hunywewa hapo. Ukivuka mlango wa nakshi unaingia tekani, njia fupi inayopinda kwa makusudi ili jicho la mtaani lisifike ndani. Halafu unatokea kiwandani, uwazi ulioachiwa hewa na mwanga, na pembeni mwake ndipo ilipo sabule, chumba cha mgeni. Mara nyingi sabule ilikuwa na choo chake. Mgeni aliingia, akaoga, akalala na kutoka bila kupita mbele ya wanawake wa nyumba, nao wakaendelea na shughuli zao misanani, yaani vyumba virefu vinavyofuata kiwanda, na ndani kabisa, kwenye ukuta uliojaa zidaka (vishubaka) za chokaa. Msanifu majengo Usam Ghaidan, aliyezipima na kuzichora nyumba hizi na kuchapisha kitabu chake kuhusu mji huo mwaka 1975, aliwasaidia wengi kuona jinsi faragha na ukarimu vilivyogawana ukuta mmoja bila kugombana.

Sababu ya kujenga hivyo ilivuma kutoka baharini. Kaskazi, inayoanza mwezi wa Novemba hivi, ilileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Kusi iliposhika, kuanzia Aprili, ikayarudisha. Katikati ya pepo hizo mbili mfanyabiashara alikuwa amefungwa pwani, yeye na bidhaa zake na madeni yake. Angekaa wiki kadhaa, pengine miezi. Hapakuwa na hoteli ya kumpokea. Palikuwa na nyumba ya mtu.

Mambo hayo yalikuwa yamekomaa muda mrefu kabla ya nyumba hizi za Lamu kujengwa. Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alifika Mogadishu mwaka 1331 na kuona jambo ambalo alilieleza kwa mshangao wa mtu aliyetembea sana. Jahazi lilipokaribia, vijana wa mji walilifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmojawapo sahani yake na kutamka mbele ya watu kwamba huyu ni mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara hakushukia kwingine. Alikwenda kwenye nyumba ya mwenyeji huyo, na mwenyeji akamuuzia mali yake na kumnunulia alichohitaji. Mtu akimlaghai mgeni kwa kununua mali yake kwa bei ya kutupa, au akimuuzia kitu bila mwenyeji kuwepo, watu wa mji waliyahesabu mauzo hayo kuwa batili. Ni yule tu aliyekwisha kuuzoea mji aliyeweza kushukia alikopenda.

Inafaa kuitazama sheria hiyo polepole, kwa sababu ndani yake mna msingi wote wa ukarimu wa pwani. Mwenyeji alikuwa mdhamini, dalali, mkalimani na mlinzi kwa mpigo. Alipata faida yake, na hakuna aliyeona aibu kusema hivyo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Chumba kizuri na chakula kizuri vilikuwa sehemu ya uaminifu wa kibiashara. Mgeni aliyelala vibaya au kuibiwa angebeba habari hiyo hadi Aden na Hormuz, na msimu uliofuata sahani ya mwenyeji yule isingepokelewa na mtu.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mwanachuoni, kwa hiyo kadhi alimchukua kumpeleka kwa mtawala, naye akapangiwa nyumba ya wanafunzi wa dini. Chakula alichokielezea bado kinatambulika kwa mtu yeyote wa pwani: wali uliopikwa kwa samli, mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya malimau na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini jicho lake halikuacha kitu. Aliona watu wakienda peku, na milangoni mwa misikiti yao ya mbao kukiwa na maji ya kunawa miguu na mkeka mgumu wa kuifutia kabla ya kuingia.

Kisha Kilwa. Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abu al-Mawahib, yaani mwenye zawadi nyingi. Ijumaa moja, akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia katika nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, na zile akampa fakiri. Watu walimsifu sana kwa unyenyekevu huo. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa 10, na baba aliposikia sifa za watu akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama mfano wa ukarimu, na ni ukarimu kweli, lakini waliotolewa zawadi walikuwa binadamu waliotekwa katika uvamizi wa bara. Mgeni wa Kilwa alifurahi kwa jasho na uhuru wa watu ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Historia ya nyumba za kifahari za pwani haiwezi kusimuliwa kwa haki bila wao, kwa kuwa wao ndio pia waliovunja matumbawe, waliochoma chokaa na waliobeba maji ya kuoga ya mgeni.

Jengo linalohusishwa na sultani huyo ni Husuni Kubwa, kwenye ncha ya jabali linalotazama bahari, mashariki mwa mji wa Kilwa Kisiwani. Mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick, aliyechimba Kilwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta zaidi ya vyumba 100. Upande wa kusini kulikuwa na ua mpana uliozungukwa na safu za vyumba vinavyofaa kuhifadhi bidhaa na kufanyia biashara. Upande wa bahari kulikuwa na makao yenyewe, ngazi za kuketia, na birika la kuogea lenye pembe nane lililochongwa kwa ustadi ambao bado unawafanya wasanifu majengo wa leo wasimame na kulitazama. Ikulu na ghala viliungana chini ya paa moja. Mgeni angeweza kuoga karibu na Bahari ya Hindi, na mali yake ikawa salama nyuma yake. Jengo hilo halikukamilika, na baada ya muda mfupi liliachwa.

Mtindo huu wa kuipima nyumba kwa kipande kimoja cha malighafi, kisha kumpa mgeni sehemu iliyo bora, haukuwa wa pwani yetu peke yake. Huko Japani, katika mji wa Ito kwenye rasi ya Izu, kuna nyumba ya wageni ya mbao iitwayo Tokaikan, iliyojengwa mwaka 1928 karibu na bahari, mahali penye chemchemi za maji moto. Kipimo cha vyumba vya aina hiyo ni mkeka wa tatami, wenye urefu wa karibu mita 1.8 na upana wa nusu yake, na chumba huhesabiwa kwa idadi ya mikeka. Mgeni huvua viatu pale mlangoni, hupewa chumba chenye kidaka cha ukutani kinachowekwa picha au maua, na mgeni wa heshima huketishwa karibu na kidaka hicho. Mtu wa Lamu angeuelewa mpango huo bila mkalimani. Tofauti kubwa ni kwamba Tokaikan ilikuwa biashara ya kulaza wageni tangu siku ya kwanza. Ilifungwa mwaka 1997 na baadaye ikafunguliwa kama jengo la kumbukumbu, wakati sabule ya Lamu ilikuwa chumba ndani ya nyumba ya familia, na haki ya mgeni juu yake ilitokana na mwenyeji wake.

Unguja iliongeza anasa yake. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijengesha hamamu za Kiajemi katikati ya Mji Mkongwe, pale panapoitwa Hamamni, chini ya usimamizi wa Haji Gulamhussein. Zilikuwa za umma, na mtu aliyeweza kulipa aliingia, akaoga maji ya moto na ya baridi, akanyolewa, akazungumza. Mgeni wa bandarini alipata mahali pa kujisafisha na mahali pa kuonana na wenye mji bila kuingia nyumbani kwa mtu yeyote.

Wakati huohuo nyumba ya pwani ilikuwa imeanza safari ya kwenda bara.

Iliondoka na misafara. Novemba 1857, Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, wakiwa hoi, na waliyempata ni Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyewapa nyumba, chakula, wapagazi na, kilichokuwa na thamani kuliko vyote, habari za njia na maziwa yaliyoko mbele. Kazi ya yule kijana wa Mogadishu ilikuwa imehamia takriban kilomita 700 kutoka baharini. Huko tembe za bara, zenye paa bapa la udongo, zilipata baraza pana mbele ya mlango, na ni barazani mwa tembe kama hiyo ya Ujiji ambapo mwanahabari Stanley aliketi kuzungumza na mmisionari Livingstone mwaka 1871.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, watu wa pwani na wa misafara walifika nayo, na nyumba yao pia. Vijiji vya kwanza vya Waafrika katika mji huo mpya, kikiwemo Pangani, vilijengwa kwa mtindo wa Kiswahili: miti na fito zilizokandikwa udongo, baraza mbele, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma kwa ajili ya jiko, bafu na choo. Ni nyumba ileile iliyojaa Majengo ya Mombasa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Matumbawe yameondoka, sakafu ya chokaa imeondoka, lakini baraza na ukumbi vimebaki. Serikali ya mji ilipoanzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, wenye nyumba walijenga hivyohivyo. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo.

Hapo ndipo mabadiliko makubwa yalipotokea, na hayakuletwa na mchoraji ramani yeyote. Nairobi ilikuwa mji wa watu wanaofika kutafuta kazi, na ukumbi wenye vyumba sita ni rahisi kuugawa. Chumba ambacho kwao kingekuwa cha mgeni au cha ndugu kikawa chumba cha mpangaji. Wenye nyumba wengi wa Pangani na Pumwani walikuwa wanawake, waliojenga kwa fedha zao wenyewe, na kodi ya chumba iliwapa uzee wenye heshima ambao mji ule haukuwa tayari kuwapa kwa njia nyingine. Wapangaji wao walikula kwao, waliugua mikononi mwao, na wengine walizikwa nao. Si haki kuiita biashara tupu.

Kibera, mtaa mwingine wa Nairobi, ilikuwa na njia yake. Askari wa Kinubi, ambao asili yao ni majeshi ya Sudan yaliyokuwa chini ya gavana Emin Pasha na kuandikishwa na ofisa Mwingereza Lugard mwaka 1891, waliingia katika kikosi cha King's African Rifles (KAR) kilipoundwa mwaka 1902. Waliostaafu, pamoja na familia zao, walipewa mahali pa kukaa katika msitu uliokuwa ukingoni mwa Nairobi, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 hivi lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Walikuwa Waislamu, walizungumza Kinubi nyumbani na Kiswahili sokoni, na nyumba walizojenga zilifanana na za Waswahili: baraza, ukumbi, ua. Mbele ya nyumba kulikuwa na shamba na miti ya matunda. Kati ya vijiji vya Kibera, kimoja kinaitwa Lindi, jina la bandari ya kusini mwa Tanzania ambako mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vikosi vya KAR vilikuwa miongoni mwa jeshi lililotokea kwenda kupigana Mahiwa.

Ukarimu wa Kinubi ulikuwa na vyombo vyake. Wanawake wa Kibera walifuma, na bado wanafuma, kawa na sinia za rangi kali za kufunikia chakula kinapopelekwa kwa wageni. Sinia kubwa huwekwa chini, watu huizunguka, na mgeni hasubiri kuulizwa kama ana njaa.

Baada ya uhuru wa 1963 mashamba yaliyozunguka nyumba hizo yalijaa. Watu waliingia kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na kwingineko, na safu za vyumba vya udongo na mabati zikasimama ukuta kwa ukuta. Chumba cha kawaida cha Lindi kina futi 10 kwa 10, au 12 kwa 12. Vyumba vinatazamana kwenye ukumbi mwembamba usio na paa, na mwishoni kuna bafu, choo na mahali pa kuanika nguo. Ukichora ramani ya ploti hiyo karibu na ile ya nyumba ya Pumwani ya miaka ya 1920, unaona mifupa ileile. Ukumbi upo. Ua umebanwa mpaka karibu utoweke. Baraza imeliwa na duka, kibanda cha kinyozi au mitungi ya muuza maji.

Ndani ya futi hizo 10 watu wamerudisha kwa pazia kile ambacho kuta za mawe zilifanya Lamu. Pazia huvutwa kutoka ukuta hadi ukuta: huku kitanda, kule viti, meza ndogo, na vitambaa vilivyofumwa vikiwa vimetandikwa migongoni mwa makochi. Upande wa viti ndio wa mgeni. Ni upande wenye kitambaa kisafi kuliko vyote nyumbani, na mtoto wa nyumba anajua kwamba akibisha hodi mtu, yeye atanyanyuka. Mgeni akilala, watoto huenda kulala kwa jirani ng'ambo ya ukumbi. Mambo haya hayahitaji maelezo marefu kwa mtu aliyekulia Kibera, ila ni ujenzi kamili, na wanaoandika kuhusu mtaa huo wakiona mabati tu wameacha nusu ya nyumba.

Na mwenyeji wa Lindi anafanya kazi ileile aliyoiona Ibn Battuta. Kijana anayeshuka basi kutoka Busia au Kitui hafiki kwa lendilodi, anafika kwa binamu. Binamu ndiye anayemlaza, anayemwonyesha njia ya kutembea kwa miguu alfajiri hadi viwandani, anayemtambulisha kwa fundi anayehitaji mtu wa mkono. Akipata chumba chake, binamu ndiye anayesimama mbele ya mwenye ploti kusema huyu ni mtu wangu, kodi isipolipwa niulizeni mimi.

Serikali na washirika wake walipoanza kujenga upya, waliandaa nyumba za ghorofa. Mwaka 2009 baadhi ya familia za Soweto Mashariki, kijiji kingine cha Kibera, zilihamishiwa nyumba za muda Lang'ata, na mwaka 2016 nyumba 822 zilikabidhiwa katika mtaa wao wa zamani. Maji yako ndani, choo kiko ndani, mlango unafungwa. Mama aliyebeba mitungi kwa miaka 20 hahitaji kuambiwa na mwandishi wa gazeti ni kitu gani amekipata. Lakini madaka hayakujengwa, wala hapana mahali penye kivuli ambapo mgeni angeketi kabla ya kuingia, na pazia bado lina kazi.

Wanubi walikaa Kibera zaidi ya karne moja bila hati, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hawakuruhusiwa kujenga majengo ya kudumu. Ndiyo maana nyumba zao, hata za watu waliojiweza, zilibaki za udongo. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jumuiya yao hati ya pamoja ya ekari 288. Ni sehemu ndogo sana ya zile 4,197 za mwaka 1918. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza familia zilizojenga baraza Kibera tangu enzi za KAR zilipata haki ya kuzijenga kwa mawe.